Shabaha na Mipaka Katika Chati ya Udhibiti: Ni Nani Mwenye Haki ya Kuipanga?

Mkulima akishaleta matunda yake mekundu ya kahawa kwenye kiwanda cha kumenyea, akayapima na kupewa stakabadhi, kazi yake kwa siku ile imekwisha. Kuanzia hapo mali yake imo mikononi mwa chama. Itamenywa, itavundikwa, itaoshwa, kisha itaanikwa juu ya meza kwa siku kadha wa kadha mpaka msimamizi atakaposema kuwa imekauka. Neno hilo moja, «imekauka», lina uzito mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Likisemwa mapema mno, kahawa hufanya ukungu ghalani na hukataliwa na mnunuzi. Likisemwa kwa kuchelewa mno, chama huwa kimeuza upepo: uzito uliokuwa halali ya mwanachama umepotelea juani.

Tuchukue hesabu ndogo ili jambo hili lieleweke. Kilo 1,000 za buni zenye unyevu wa asilimia 11 zina kilo 890 za buni kavu kabisa na kilo 110 za maji. Tukizikausha hadi asilimia 9, zile kilo 890 hazibadiliki, lakini uzito wote sasa ni kilo 978 tu. Kilo 22 zimetoweka katika kila tani, na hakuna mnunuzi atakayezilipia. Hasara hiyo haionekani katika daftari la wizi wala la uharibifu. Hujificha ndani ya malipo ya pili, ambayo mwanachama huyapokea pungufu bila ya kujua sababu.

Kwa ajili hiyo vyama vingi vya mazao vimeshauriwa kutumia chati ya udhibiti. Hii ni karatasi ambayo juu yake vipimo vya kila fungu la kahawa huandikwa kwa nukta, mfululizo, kwa kufuata siku. Katikati hupita mstari mmoja, na juu na chini yake hupita mistari miwili ya mipaka. Kuichora si kazi ngumu. Ugumu umo katika swali ambalo makatibu na wajumbe wa bodi hukutana nalo mapema sana: je, mistari hiyo tuiweke wapi? Je, tunayo ruhusa ya kujichagulia shabaha na mipaka tuitakayo? Siku hizi programu za kompyuta nazo zimelikuza swali hili, kwa kuwa humpa mtumiaji nafasi ya kuandika tarakimu zake mwenyewe, na huchora mistari pale pale alipoamuru bila ya kumwuliza amezipata wapi. Makala hii inakusudia kuwasaidia ndugu makatibu na wanachama kulijibu swali hilo kwa haki na kwa faida ya chama.

ASILI YA CHATI HII

Chati ya udhibiti ilibuniwa na Walter Shewhart, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric huko Marekani. Mnamo tarehe 16 Mei, 1924, aliwapelekea wakubwa wake maelezo mafupi yenye mchoro wa chati ya kwanza, na mwaka 1931 akatoa kitabu kilichoeleza jambo hilo kwa ukamilifu. Baadaye mtaalamu mwingine wa Marekani, W. Edwards Deming, aliwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda wa Japani njia hizo katika mihadhara yake ya mwaka 1950, na viwanda vya nchi ile vikazishika kwa bidii.

Wazo la Shewhart ni jepesi. Hakuna kazi ya mwanadamu itoayo matokeo yaliyo sawasawa kila siku. Hata mpishi hodari hapiki wali wa leo ukafanana na wa jana kwa kila hali. Lakini tofauti hizo ni za namna mbili. Ziko zile zitokanazo na sababu za kawaida, ambazo zimo ndani ya kazi yenyewe siku zote: wingu la mchana, unene wa tabaka la kahawa mezani, mkono wa huyu na wa yule katika kugeuza, utofauti mdogo wa sampuli. Na ziko zile zitokanazo na sababu za pekee: turubai limepasuka na mvua ya usiku imeingia, kipima unyevu kimeharibika, mfanyakazi mgeni amechanganya mafungu mawili. Tofauti za namna ya kwanza hazina mtu mmoja wa kulaumiwa, na tiba yake ni kuibadili kazi yenyewe. Zile za namna ya pili zina chanzo kinachoweza kutafutwa na kuondolewa. Kazi ya mipaka ya udhibiti ni kututenganishia namna hizi mbili, ili tusimlaumu mtu kwa jambo la kawaida, wala tusilale usingizi wakati jambo la pekee limetokea.

Hapo ndipo lilipo jibu la mwanzo la swali letu. Mipaka ya udhibiti ni taarifa itolewayo na kazi yenyewe kuhusu tabia yake, wala haipatikani kwa kura ya kikao.

MIPAKA YA NAMNA MBILI ISICHANGANYWE

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kuchanganya mipaka ya mnunuzi na mipaka ya udhibiti.

Mipaka ya mnunuzi ni sharti la mkataba. Shirika la Kahawa la Kimataifa, katika Azimio Namba 420 la mwaka 2004, lilizitaka nchi wanachama zisisafirishe buni yenye unyevu ulio chini ya asilimia 8 au unaozidi asilimia 12.5. Mnunuzi mmoja mmoja aweza kudai mipaka iliyo myembamba zaidi katika mkataba wake. Mipaka hii husema: «Tunachokitaka ni hiki.» Hutumika kuamua hatima ya kila fungu: lipokewe, au lirudishwe mezani.

Mipaka ya udhibiti, kwa upande wake, husema: «Tunachoweza kukitoa, kwa vifaa na desturi tulizo nazo sasa, ni hiki.» Hutumika kuamua kama kazi inakwenda kama ilivyozoea au imeingiliwa na jambo geni.

Kuiandika mipaka ya mnunuzi mahali pa mipaka ya udhibiti ni sawa na kuandika kwenye mlango wa nyumba urefu wa mtoto tunaomtamani, kisha tukasema mtoto amefika hapo. Ukuta hautamrefusha mtoto, na karatasi haitaikausha kahawa.

MFANO WA KUKOKOTOA

Tuchukue mfano wa chama kimoja cha kubuni, ili kila katibu aweza kuufuata kwa kalamu na karatasi. Mnunuzi wake anataka unyevu usiopungua asilimia 10.0 wala kuzidi asilimia 12.0, na anapendelea asilimia 11.0. Kila fungu ambalo msimamizi ametangaza kuwa limekauka huchukuliwa sampuli, sampuli hukobolewa, buni huachwa ipoe, kisha hupimwa. Kipimo kiandikwacho katika chati ni kile cha kwanza, hata kama fungu litarudishwa mezani baadaye. Mafungu 20 ya kwanza yalitoa vipimo hivi, kwa asilimia:

11.4, 11.7, 11.6, 11.1, 10.8, 11.3, 11.2, 11.8, 12.1, 11.6,
11.5, 11.0, 11.1, 10.7, 11.2, 11.7, 11.4, 11.9, 11.6, 11.3.

Hatua ya kwanza: jumlisha vipimo vyote. Jumla ni 228.0. Gawanya kwa 20. Wastani ni 11.40.

Hatua ya pili: tafuta tofauti kati ya kila kipimo na kile kinachokifuata, bila ya kujali ni kipi kikubwa. Kutoka 11.4 hadi 11.7 ni 0.3, kutoka 11.7 hadi 11.6 ni 0.1; na kadhalika. Vipimo 20 hutoa tofauti 19. Jumla yake hapa ni 6.7. Gawanya kwa 19. Wastani wa tofauti ni 0.353.

Hatua ya tatu: zidisha wastani huo wa tofauti kwa 2.66. Tunapata 0.94. Tarakimu hii 2.66 haibadiliki kwa chati ya namna hii, ambayo kila nukta yake ni kipimo kimoja. Imechaguliwa ili mipaka ikae umbali wa mikengeuko sanifu mitatu kutoka katikati. Shewhart alichagua umbali huo kwa kupima hasara mbili: hasara ya kuhangaika bure, na hasara ya kutoliona tatizo lililopo. Kazi iliyotulia, ambayo vipimo vyake hutawanyika kwa namna ya kawaida, hutoa nje ya mipaka hiyo nukta zipatazo 3 tu katika 1,000.

Hatua ya nne: ongeza na utoe. Mpaka wa juu ni 11.40 na 0.94, yaani 12.34. Mpaka wa chini ni 11.40 toa 0.94, yaani 10.46.

Sasa itazame chati. Vipimo vyote 20 vimo ndani ya mipaka. Kazi imetulia, hakuna mgeni aliyeingia. Hata hivyo mpaka wake wa juu, 12.34, umevuka 12.0 ya mnunuzi, na fungu la tisa lilikuwa na 12.1. Maana yake ni kwamba chama hiki, kikiendelea hivi hivi bila ya kosa la mtu yeyote, kitaendelea kutoa mara kwa mara fungu lenye unyevu wa kuzidi. Kumwita msimamizi ofisini aeleze «kwa nini fungu la tisa» ni kumwuliza swali lisilo na jibu. Swali la haki ni hili: kwa nini kazi yetu yote imeegemea 11.4 badala ya 11.0?

NI WAKATI GANI INAFAA KUWEKA SHABAHA YETU WENYEWE

Hapa ndipo shabaha ya kuchagua inapopata mahali pake pa halali. Katika chati ya kawaida mstari wa katikati ni wastani wa kazi yenyewe. Lakini ikiwa kuna thamani maalumu tunayotakiwa kuifikia, na ikiwa tunao uwezo wa kuisogeza kazi kuelekea huko, yafaa tuuweke mstari wa katikati kwenye thamani hiyo. Unyevu wa kahawa ni jambo la aina hiyo. Msimamizi aweza kuongeza au kupunguza muda wa kuanika, na kwa hiyo kazi husogezeka.

Chama chetu cha mfano, basi, chaweza kuweka shabaha ya 11.0. Lakini zingatieni sana, ndugu makatibu: kinachohamishwa ni mstari wa katikati peke yake. Upana wa mipaka haubadiliki, kwa kuwa upana umetoka katika kazi. Tunachukua ile 0.94 tuliyoikokotoa, tunaiongeza na kuitoa kwenye 11.0. Mipaka mipya ni 11.94 na 10.06.

Tukivipanga vile vipimo 20 vya zamani juu ya chati hii mpya, tutaona mara moja hali ilivyo: 17 viko juu ya shabaha, 2 viko chini, na 1 kiko juu ya mstari wenyewe, na kile cha 12.1 kimetoka nje. Hivyo ndivyo chati inavyotakiwa kusema. Inatuarifu kwamba kazi bado haijafika tulikokusudia. Msimamizi sasa ana jambo la kutenda: kuongeza muda wa kuanika kwa kiasi, kwa mafungu yote, na kuendelea kupima.

Na tazameni faida yake. Mipaka ya 10.06 hadi 11.94 inaingia yote ndani ya mipaka ya mnunuzi ya 10.0 hadi 12.0. Yaani chama hiki hakihitaji kununua mtambo wowote mpya ili kutimiza mkataba. Kinahitaji tu kuisogeza kazi yake kwa 0.4 na kuishikilia hapo. Jambo hilo lisingejulikana kwa kutazama fungu moja moja.

Ikiwa, hata hivyo, hakuna njia ya kuisogeza kazi, msiweke shabaha katikati ya chati. Chati itapiga kelele kila siku juu ya jambo ambalo hakuna awezaye kulitenda, na baada ya majuma mawili hakuna atakayeitazama tena. Katika hali hiyo acheni wastani ubaki katikati, na shabaha ichorwe kwa kalamu ya rangi nyingine, iwe ukumbusho wa umbali uliobaki. Hali kadhalika, kwa mambo ambayo tunayataka yapungue daima, kama vile idadi ya punje mbovu katika sampuli, msichore mstari wa katikati kwenye sifuri. Sifuri ni matumaini yetu sote, lakini kila nukta itakuwa juu yake, na chati haitatofautisha siku njema na siku mbaya.

HATARI YA KUIBANA MIPAKA

Tuseme sasa mjumbe mmoja wa bodi, kwa nia njema kabisa, anasimama kikaoni na kusema: «Shabaha ni 11.0. Tuwe wakali. Mipaka iwe 10.8 na 11.2, na msimamizi akitoka nje ya hapo akatwe posho.» Wajumbe wanapiga makofi, katibu anaandika azimio.

Nini kitatokea? Tuchukulie kwamba msimamizi amekwisha kuisogeza kazi yake vizuri hadi wastani wa 11.0, na kwamba mtawanyiko umebaki ule ule. Tukipunguza 0.4 kutoka kila kimoja cha vipimo vyetu 20, tutakuta kuwa 10 vimo ndani ya mipaka hiyo mipya na 10 viko nje. Nusu ya mafungu yatahesabiwa kuwa ni kosa, ingawa hakuna hata moja lililokiuka mkataba na hakuna jambo lolote la pekee lililotokea.

Madhara yake ni matatu. Kwanza, msimamizi ataanza kuirekebisha kazi baada ya kila kipimo: leo 11.4, kesho aongeze jua, kesho 10.7, keshokutwa aanue mapema. Huku ni kufukuza kivuli. Imethibitika kwa hesabu kwamba, ikiwa tofauti ni zile za kawaida tu, mtu anayerekebisha kila mara kwa kadiri kamili ya kosa lililopita huupanua mtawanyiko kwa karibu asilimia 41. Atahangaika zaidi na kahawa itaharibika zaidi. Pili, sababu ya pekee ikija kweli, itapotea katikati ya kelele za kila siku, na hakuna atakayeitambua. Tatu, na hili ndilo baya kupita yote, tarakimu zenyewe zitaanza kudanganya. Mtu ambaye posho yake hukatwa kwa kuandika 11.3 atajifunza upesi kuandika 11.2. Tangu siku hiyo chama kitakuwa na chati nzuri ya kupendeza na ghala la kahawa lisilojulikana hali yake. Chati ikigeuzwa kuwa fimbo, huacha kuwa jicho.

HATARI YA KUIPANUA MIPAKA

Wako na wale wapendao amani, ambao husema: «Mipaka na iwe mipana, tusisumbuane.» Tuseme wameiweka 9.5 na 12.5. Kazi inakwenda vema kwa wastani wa 11.0. Halafu matundu yanatokea katika turubai za upande mmoja wa meza, na umande wa usiku unaanza kuingia. Wastani wa kazi unapanda hadi 11.6. Karibu kila nukta bado itaangukia ndani ya mipaka hiyo mipana. Chati itanyamaza kimya, huku mafungu mengine yakivuka 12.0 na kurudishwa na mnunuzi. Kengele isiyolia nyumba inapoungua haina faida kuliko kutokuwa na kengele.

Kwa mipaka iliyokokotolewa, yaani 10.06 na 11.94, jambo hilo hilo lingeonekana mapema. Na hata kabla ya nukta kutoka nje, lingeonekana kwa mfuatano. Mwongozo wa Western Electric wa mwaka 1956 ulifundisha kanuni ambayo ni rahisi kwa kila karani kuikumbuka: nukta 8 mfululizo zikiwa upande mmoja wa mstari wa katikati, chukua hiyo kuwa ni ishara, hata kama zote zimo ndani ya mipaka.

KIPIMA UNYEVU NACHO KICHUNGUZWE

Kabla ya kumtuhumu mtu au hali ya hewa, kichunguzwe chombo cha kupimia. Kipima unyevu huhitaji kulinganishwa mara kwa mara na kipimo cha maabara, ambako sampuli hukaushwa ndani ya tanuri na kupimwa uzito wake kabla na baada. Buni ambayo bado ina joto la jua haitoi kipimo sahihi. Vilevile buni iliyokobolewa na ile ambayo bado imo ndani ya ngozi yake hazipimwi kwa mpango mmoja wa chombo. Chama ambacho leo kinapima hivi na kesho kinapima vile huwa kinachora chati ya mazoea ya karani wake badala ya chati ya kahawa.

LINI MIPAKA IKOKOTOLEWE UPYA

Mipaka ikishawekwa isiguswe kila mwezi. Ibadilishwe panapokuwa na sababu inayoweza kuandikwa: meza mpya zimejengwa, kipima unyevu kimebadilishwa, utaratibu wa kuanika umegeuzwa, au chati yenyewe imeonyesha kwa mfuatano mrefu kwamba kazi imehamia mahali pengine na sababu yake imejulikana. Kukusanya vipimo 20 hadi 25 vya hali mpya kwatosha kukokotoa mipaka mipya. Kutopendezwa na sura ya chati si sababu. Wala kukaribia kwa mkutano mkuu si sababu.

MASHAURI KWA MAKATIBU NA KAMATI

Kwa kumalizia, tunawashauri ndugu makatibu wayafikishe haya mbele ya kamati zao:

1. Shabaha yaweza kuamuliwa na bodi, maadamu imetoka katika mkataba au sharti linalojulikana, na maadamu kazi inaweza kusogezwa kuifikia. Azimio hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao pamoja na sababu yake.

2. Upana wa mipaka ya udhibiti usiamuliwe kwa azimio. Ukokotolewe kutoka katika vipimo vya kazi yenyewe, na hesabu yake ihifadhiwe ili mkaguzi au mwanachama yeyote aweze kuirudia.

3. Mipaka ya mnunuzi iandikwe kando ya karatasi au mahali pengine palipo dhahiri, lakini isichorwe kama mipaka ya udhibiti.

4. Mahali ambapo kompyuta inatumika, mtu asiruhusiwe kuingiza tarakimu zake mwenyewe bila ya kuandika chini ya chati: tarakimu hizi zimetoka wapi, zimewekwa lini, na nani amezikubali.

5. Posho, karipio au sifa za mtumishi zisifungamanishwe na nukta moja ya chati.

6. Nukta ikitoka nje ya mipaka, sababu itafutwe siku ile ile, wakati ushahidi ungalipo mezani, na itakayopatikana iandikwe pembeni mwa nukta hiyo.

7. Ikiwa upana wa mipaka ya udhibiti ni mkubwa kuliko upana wa mipaka ya mnunuzi, bodi ielewe kwamba hakuna shabaha wala ukali utakaoponya hali hiyo. Kinachotakiwa ni kuibadili kazi: matabaka membamba zaidi, meza zaidi, turubai bora, mafunzo kwa waanikaji. Hayo ni matumizi, na wa kuyaidhinisha ni wanachama wenyewe katika mkutano wao.

Ndugu wanachama, chati hii ni karatasi tu, na mstari wowote mtakaoamuru uchorwe juu yake utachorwa. Lakini waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Mipaka ya uongo huridhisha kikao cha leo na kukiaibisha chama siku mzigo unaporudishwa. Mipaka ya kweli yaweza kutuudhi leo, kwa kutuonyesha kwamba kazi yetu haijawa kama tulivyoitangaza. Lakini ndiyo inayotupa mahali pa kuanzia. Mkulima aliyeyaacha matunda yake mlangoni mwa kiwanda hakutuomba karatasi nzuri ukutani. Alituamini na mali yake. Haki yake ni kwamba atakapouliza, «Kahawa yangu imekaukaje?», katibu aweze kumwonyesha nukta, mstari na hesabu, na kila kimoja kiwe kimesimama mahali pake pa kweli.